Kansa ya ngozi inayofuata mishipa ya fahamu: Usipuuze ganzi usoni

WATU wengi wakisikia kansa ya ngozi hufikiria kidonda kisichopona au uvimbe unaoonekana kwa macho. Ni kweli kwamba ndivyo maradhi haya yanavyoanza. Lakini kuna namna moja ambayo huendelea kusafiri chini ya ngozi hata baada ya kidonda kukatwa, kovu kufunga na mgonjwa kurudi kazini akiamini kwamba amepona. Namna hiyo hufuata mishipa ya fahamu, yaani ile mishipa inayopeleka habari za maumivu, joto na mguso kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ubongo. Dalili yake ya kwanza aghalabu huwa ni ganzi tu, bila kidonda chochote kipya.

Jambo hili linawahusu wakazi wa Eldoret kuliko watu wa miji mingine mingi. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, tena uko juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Kila mtu anapopanda mita 1,000, nguvu ya miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia kumi hivi. Mkazi wa Mombasa hulalamikia joto, ilhali mkazi wa Eldoret huvaa sweta asubuhi na kusema hakuna jua. Hapo ndipo tunapodanganyika. Joto la hewa ni kitu kimoja na miale inayoharibu ngozi ni kitu kingine, na miale hiyo hupenya hata siku ya mawingu mepesi. Mtu anayepalilia mahindi Moiben saa sita mchana, upepo wa baridi ukimpiga, anaunguzwa bila kusikia kwamba anaunguzwa.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina, au ina kidogo sana, ile rangi ambayo kwa watu wengine hufanya kazi ya mwavuli. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Katika nchi jirani ya Tanzania, uchunguzi uliofanyiwa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 1985, ulionyesha jinsi ngozi inavyoanza kuharibika tangu utotoni na jinsi kansa inavyowapata watu wakiwa bado vijana. Kwa Mzungu kansa ya ngozi ni maradhi ya uzeeni. Kwa Mwafrika mwenye ualbino anayefanya kazi shambani bila kinga, inaweza kumpata akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Inavyosafiri

Kansa inayowapata zaidi watu wenye ualbino hapa Afrika ni ile inayotokana na chembechembe bapa, zile zilizopangana kama vigae katika tabaka la juu la ngozi. Huanza kama doa gumu lenye magamba, au kidonda kidogo mdomoni, sikioni, kwenye paji la uso au shavuni. Ikikatwa mapema, wagonjwa walio wengi hupona kabisa, na hilo lapasa kusemwa waziwazi ili mtu asikate tamaa. Kwa kawaida ikichelewa husambaa kupitia matezi ya shingoni.

Lakini kwa wagonjwa wachache njia huwa ni nyingine. Kila mshipa wa fahamu umefunikwa na ala, mfano wa waya wa umeme uliovishwa plastiki. Chembechembe za kansa huingia katika ala hiyo na kuanza kutambaa kuufuata mshipa. Mganga Mfaransa aitwaye Jean Cruveilhier alikwisha kuieleza hali ya namna hii katika karne ya 19. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba kansa hupita humo kwa sababu tu ni njia nyepesi, kama maji yanavyofuata mtaro. Siku hizi inajulikana kwamba mambo si rahisi hivyo. Mshipa wenyewe hutoa kemikali za kukuza na kuponyesha neva, na kansa hunufaika na kemikali hizo na kuvutwa nazo. Nayo kansa hutoa kemikali zake zinazouchochea mshipa. Kwa maneno mengine, viwili hivi huitana.

Uso ndio mahali pa hatari zaidi, kwa kuwa una mishipa mingi na safari ya kufika ubongoni ni fupi. Mishipa miwili ndiyo ya kukumbuka. Mmoja ni ule wa kuhisi, ambao madaktari huuita mshipa wa tano wa kichwa. Una matawi matatu: moja la paji la uso, moja la shavu na mdomo wa juu, na moja la taya na kidevu. Mwingine ni mshipa wa saba, ambao kazi yake ni kuendesha misuli ya uso ili tuweze kucheka, kupuliza moto na kufumba macho. Matawi ya mishipa hii miwili hukutana mahali kadhaa, na kansa iliyoanza katika mmoja huweza kuvuka na kuingia katika mwenziwe.

Hebu tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 34 mwenye ualbino anayelima karibu na Ziwa. Ni mfano tu, lakini mambo yake ni yale yaliyoandikwa mara nyingi katika vitabu vya tiba. Alikuwa na kidonda chini ya jicho la kushoto kilichokuwa kikitoa kigaga, kikidondoka na kurudi. Kikakatwa katika hospitali ndogo, akashonwa nyuzi tano, kovu likafunga vizuri. Baada ya miezi minane anahisi kana kwamba sisimizi wanatembea shavuni. Anajipangusa, hakuna kitu. Baadaye akinyoa ndevu anaona sehemu ya mdomo wa juu haina hisia. Kisha meno ya juu upande huo yanaanza kuuma. Anakwenda kwa daktari wa meno, linang'olewa moja, maumivu hayaishi, linang'olewa la pili.

Kilichotokea ni kwamba kansa imefuata tawi la shavu, tawi lilelile linalohudumia meno ya juu. Limepita katika tundu dogo la mfupa chini ya jicho na sasa linaelekea nyuma ya jicho, ndani ya fuvu. Ikifika huko, mishipa inayoendesha mboni za macho iko palepale, na mgonjwa huanza kuona vitu viwiliviwili. Wakati wote huo kovu la nje linaweza kuwa safi. Anayelitazama atamwambia mgonjwa kwamba hana ugonjwa wowote.

Ganzi ya namna gani?

Si kila ganzi ni kansa, na ingekuwa kosa kuwatia watu hofu. Mwenye kisukari hupata ganzi, lakini yake huanza miguuni, pande zote mbili. Wahudumu wa afya wa zamani wakisikia ganzi penye doa la ngozi walifunzwa kufikiria ukoma, na walifanya vyema. Aliyepasuliwa anaweza pia kubaki na sehemu isiyo na hisia kuzunguka kovu kwa sababu vimishipa vidogo vilikatwa, na ganzi ya namna hiyo hukaa palepale au hupungua kadiri miezi inavyopita.

Ile ya kutilia shaka ni ganzi ya upande mmoja wa uso ambayo haikuwapo kidonda kilipopona, ikaja baadaye, na inazidi kupanuka. Mara nyingine huja ikiwa ni kuchomachoma, au hisia ya wadudu wanaotambaa, au maumivu makali kama ya kupigwa na umeme. Mtu aliyewahi kukatwa kidonda usoni, kichwani au sikioni na akasikia mojawapo ya hayo, hata kama ni miaka miwili mitatu baadaye, hana haja ya kusubiri aone uvimbe.

Kuna njia rahisi ya kujipima nyumbani. Chukua kipande cha pamba, fumba macho, kisha mwenzako akuguse polepole nacho paji la uso, shavu na kidevu, upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu. Ukiona upande mmoja unasikia kama umevikwa kitambaa, mweleze daktari jambo hilo kwa maneno hayo hayo. Kipimo hiki hakithibitishi kitu, lakini humpa daktari mahali pa kuanzia.

Kisha kuna uso kupinda. Hapa kwetu mtu mdomo ukimwenda upande, majirani husema amepigwa na upepo, na wengine hawakawii kutaja uchawi. Ukweli ni kwamba uso hupooza kwa sababu mbalimbali. Inayotokea zaidi huja ghafla: mtu hulala mzima na kuamka hivyo, au hali hufikia upeo wake katika muda wa siku tatu. Huyo akifika hospitali katika siku hizo tatu hupewa tembe za kupunguza uvimbe wa mshipa, na wengi wao hupona. (Naye ambaye mkono na mguu vimelegea pamoja na uso apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwa maana hicho huenda ni kiharusi.)

Kupooza kwa kansa ni tofauti. Huja taratibu, kwa wiki au miezi, tena kipandekipande. Leo ni nyusi moja isiyopanda, baada ya mwezi ni jicho lisilofumba sawasawa, kisha ni pembe ya mdomo. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa kwamba uso wake utajirudia, na miezi mitatu imepita bila nafuu yoyote, anastahili kuchunguzwa upya. Na ikiwa ana kovu la kidonda kilichokatwa upande huo huo wa uso, asingoje hata hiyo miezi mitatu.

Karatasi ya maabara

Pengine jambo la maana kuliko yote katika makala haya ni karatasi. Kidonda kinapokatwa, nyama iliyotolewa inapaswa kupelekwa maabara ichunguzwe kwa darubini. Mtaalamu wa huko huandika ni kansa ya aina gani, imeingia kina gani, kama kingo za nyama ni safi au bado zina kansa, na kama amekuta kansa imezunguka mishipa ya fahamu. Kwa wagonjwa wengi wenye tatizo hili, hapo ndipo linapogunduliwa mara ya kwanza, kabla mtu hajasikia ganzi wala maumivu yoyote, na ni afadhali mno ligunduliwe wakati huo. Mtaalamu hupima pia unene wa mshipa ulioingiliwa. Ukifika sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi, hatari ya kansa kurudi huwa kubwa zaidi na daktari hubadilisha mipango ya tiba.

Sasa ni wangapi kati yetu walioomba karatasi hiyo? Mtu hukatwa kivimbe katika zahanati, nyama ikatupwa kwenye ndoo, akaambiwa "umepona, nenda." Au nyama hupelekwa maabara, majibu yakaja baada ya wiki tatu, na mgonjwa hakurudi kwa sababu nyuzi zilitolewa na shangazi yake muuguzi kule nyumbani. Majibu yanakaa katika faili. Hili linarekebishika bila mashine yoyote mpya. Kabla ya kulala juu ya meza ya upasuaji uliza nyama itapelekwa wapi, na urudi siku gani kuchukua majibu. Ukipewa, piga nakala moja ubaki nayo nyumbani. Mwaka mmoja baadaye ukienda kwa daktari mwingine na malalamiko ya ganzi, karatasi hiyo itamweleza mengi kuliko kovu lako.

Hapa Eldoret tuna bahati kiasi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina kituo cha kansa na maradhi ya kudumu, kile cha Chandaria, na tangu mwaka 1999 mji huu una daftari lake la kuandikisha wagonjwa wa kansa. Anayetoka Turbo, Kesses au Burnt Forest anaweza kupata barua ya rufaa kutoka kituo cha afya kilicho karibu naye.

Tiba

Mgonjwa mwenye ganzi au uso uliopooza hupigwa picha kwa mashine ya MRI, huku akidungwa dawa inayofanya mishipa iliyoathirika ing'are. Picha za CT nazo huonyesha kama matundu ya mifupa yanayopitisha mishipa yametanuka. Izingatiwe kwamba picha ya mapema inaweza kuwa safi ilhali ugonjwa upo. Kwa sababu hiyo, daktari mwenye shaka hairidhiki nafsi yake kwa picha moja, naye mgonjwa ambaye ganzi yake inaendelea kupanuka asiione aibu kurudi.

Tiba kuu ni upasuaji, na baada yake mionzi. Ugonjwa ukiwa bado katika vimishipa vidogo vya ngozini, upasuaji mpana wenye kingo safi unaweza kutosha, na mionzi huongezwa daktari akiona hatari ni kubwa. Ukiwa umekwisha kuingia katika mishipa yenye majina, kazi huwa nzito. Daktari huufuata mshipa nyuma kadiri anavyoweza, halafu mionzi huelekezwa kwenye njia yote ya mshipa hadi unapoingia katika fuvu, si penye kovu peke yake. Ukifika ndani ya fuvu, uwezekano wa kupona hupungua sana, na hiyo ndiyo maana ya kuhimiza watu wasikalie dalili.

Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita hivi. Kwa miaka mingi hospitali ya umma iliyokuwa ikitoa tiba hiyo nchini ilikuwa ni moja tu, Kenyatta jijini Nairobi, na mgonjwa wa Eldoret alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 300 na kungoja zamu kwa miezi. Kansa haingoji zamu. Miaka ya karibuni vituo vingine vya umma vimefunguliwa nje ya Nairobi, vikiwamo vya Nakuru, Mombasa na Garissa. Hata hivyo wiki sita za malazi na chakula mbali na nyumbani ni mzigo, na ni vyema familia ikae ipange mapema. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imechukuliwa na SHA. Kabla ya kuanza tiba nenda kwenye dawati la bima katika hospitali uelezwe ni kiasi gani kitalipwa na ni kiasi gani utakitoa mfukoni.

Kuna pia dawa ya kudungwa mshipani, cemiplimab, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018 kwa wagonjwa ambao kansa yao ya chembechembe bapa haiwezi tena kukatwa wala kutibiwa kwa mionzi. Huamsha kinga ya mwili ipigane na kansa yenyewe. Inasaidia wengi, lakini bei yake ni ya kutisha, na kwa mwananchi wa kawaida bado ni habari ya kusoma gazetini.

Kofia shuleni

Kinga ni rahisi kuliko haya yote. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, inayofunika masikio na shingo, ni bora kuliko kepi ya mbele tu. Katika mitumba ya hapa mjini hazikosekani. Shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito linafaa. Mafuta ya kukinga jua yawe ya kiwango cha 30 au zaidi, yapakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Watu wenye ualbino waliojiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu wana haki ya kupewa mafuta hayo bila malipo kupitia mpango wa serikali. Kule Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC hutengeneza mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili yao, jambo linaloonyesha kwamba si lazima kila chupa itoke ng'ambo.

Kwa upande wa shule, kuna walimu wanaomvua mtoto mwenye ualbino kofia kwa sababu si sehemu ya sare, na kumsimamisha gwaride zima juani. Mzazi asione haya kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, akiwa na barua ya daktari mkononi. Miale anayoipata mtoto huyo leo ndiyo itakayozaa kidonda miaka kumi na mitano ijayo.

Wasomaji wasio na ualbino wasidhani hawahusiki. Mtu mweusi hupata kansa hiyo hiyo ya chembechembe bapa, ila kwake mara nyingi huzuka katika kovu la zamani la moto au kidonda sugu cha mguuni kilichokaa miaka. Kovu la kale likianza kuchimbika, kutoa harufu au kuota nyama, likatwe kipande na kuchunguzwa.

Neno la mwisho ni kwa wanaomuuguza mtu ambaye uso wake tayari umepooza. Jicho lisilofumba hukauka, na likikauka hupata kidonda kinachoweza kulipofusha, hata ikiwa kansa yenyewe inatibiwa vizuri. Muulize daktari dawa ya matone ya kulilowesha mchana na mafuta ya jicho ya usiku. Akienda kulala, mfumbe jicho hilo kwa vidole kwa upole na kulibandika plasta laini, uhakikishe kwamba kope zimefungana kabisa, kisha uitoe asubuhi kwa maji ya uvuguvugu.